Kiungani: Waliohitimu na Waliobaki Darasani

Wahitimu wa seminari wakikutana siku hizi, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye mchango. Bweni linavuja, maktaba haina vitabu, kuna kijana amefiwa na mzazi na ada yake haijalipwa. Hayo ni mambo ya haki na hayana budi kufanyika. Lakini mazoea hayo yametufanya tuamini kwamba mhitimu asiye na fedha hana cha kumpa mwanafunzi aliye nyuma yake, na imani hiyo haipatani na historia ya chuo kimoja kikongwe cha pwani yetu. Wahitimu wa Kiungani, Unguja, katika robo ya mwisho ya karne ya 19, hawakuwa na fedha. Hata hivyo walikishika chuo chao kwa namna ambayo wafadhili wa Uingereza, pamoja na ukarimu wao wote, wasingeiweza.

Askofu William Tozer na Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA walifika Unguja mwaka 1864. Mwaka huohuo Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliokombolewa kutoka katika jahazi la watumwa, na hao ndio waliokuwa chimbuko la shule iliyokuja kukaa Kiungani, kusini mwa mji, kwa jina la Chuo cha Mtakatifu Andrea. Wengine waliongezeka kadiri manowari za Waingereza zilivyoyakamata majahazi. Walikuwa Wayao, Wanyasa, hata Waganda. Watoto waliotekwa wakiwa wadogo, wengine wakiwa wamekwisha kuuzwa zaidi ya mara moja kabla ya kuiona bahari. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha kwa Kiingereza masimulizi ambayo wavulana hao waliyatunga wenyewe kwa Kiswahili. Ukiyasoma unaelewa haraka shida ya mwanafunzi wa Kiungani ilikuwa ipi. Chakula alikuwa nacho, na kanzu pia, kwa sababu Wakristo wa Uingereza walituma fedha. Alichokosa ni ukoo. Hakuwa na mjomba wa kumwuliza habari, wala kaka aliyemtangulia katika maisha ya aina ile, na wala hakuwa na kijiji kinachomngojea. Akiambiwa kwamba siku moja atakuwa mwalimu au kasisi huko bara, alikuwa na neno la Mzungu tu la kulitegemea.

Pengo hilo liliweza kuzibwa na wahitimu peke yao. John Swedi, mmoja wa wale watano wa 1864, alipofanywa shemasi mwaka 1879, waliobaki darasani walipata kitu ambacho hotuba ya askofu haikuweza kuwapa: mtu wa asili kama yao aliyefika. Lakini mfano wa mtu aliye mbali hufifia upesi usipotunzwa, na wahitimu walitawanyika mbali kwelikweli. Walikuwa Magila na Mkuzi katika nchi ya Wabondei, Masasi na Newala kusini, na baada ya 1885 hata kisiwani Likoma, katika Ziwa Nyasa, mwendo wa majuma mengi kutoka Unguja. Ndipo lilipotokea gazeti la Msimulizi. Lilianza Oktoba 1888, likitoka kila baada ya miezi miwili, kwa Kiswahili, na kupangwa herufi na vijana wenyewe katika kiwanda cha uchapaji palepale chuoni. Liliendelea hadi 1896. Katika historia ya uandishi wa habari hutajwa kama mojawapo ya magazeti ya kwanza ya Kiswahili, jambo ambalo ni kweli, ila sifa hiyo huficha kazi yake ya kila siku. Habari zilitoka vituoni, na wengi wa waliozituma walikuwa wanafunzi wa zamani: nani amebatizwa, nani ameoa, nani amefariki, shule fulani ina watoto wangapi, mchezo wa mpira ulikwendaje. Ni habari ndogondogo. Kwa msomaji wa leo zinachosha, lakini kwa kijana wa miaka 16 asiyejua wazazi wake wako wapi, zilikuwa ndizo habari za nyumbani. Tena kijana huyo, akishika herufi za risasi na kuzipanga moja moja kinyumenyume, alikuwa akijifunza kwa vidole vyake majina ya vituo na ya watu ambao kesho angeishi nao.

Mchango wa pili ulikuwa wa watu. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Kiungani, kisha Canterbury, alipelekwa Chitangali karibu na Newala mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa ukasisi. Kule alifanya kazi kwa miaka mingi bila Mzungu wa kumsimamia. Alijenga shule, akawa karibu na mtawala wa Kiyao, Nakaam, na akachagua vijana wenye uwezo akawapeleka Kiungani. Tofauti kati ya vijana hao na wale waliotoka majahazini ni kubwa. Hawa walikuwa na baba, na baba alipaswa kushawishiwa amwachie mwanawe aende pwani, ilikokuwa njia ya utumwa kwa vizazi vingi. Sioni jinsi Mzungu angelishinda shaka hiyo peke yake. Majaliwa aliweza kwa sababu alizungumza Kiyao, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekwenda pwani kama mtumwa akarudi kasisi. Hapo mhitimu ndiye aliyekuwa dhamana.

Itasemwa kwamba ninaipamba hali iliyotawaliwa na wageni. Gazeti lilikuwa mikononi mwa misheni, na mwalimu aliyekata tamaa au aliyekorofishana na msimamizi wake hakuwa na ukurasa wa kuandika hivyo. Pingamizi hilo nalikubali kwa sehemu. Msimulizi haliwezi kutuonyesha uchungu wote wa wahitimu, na mtu asilitumie kuthibitisha kwamba wote waliridhika. Lakini hoja yangu haihitaji waridhike. Inatosha kwamba waliandika, na kwamba waliokuwa chuoni waliwasoma. Isitoshe, habari za vifo na magonjwa zilizokuwamo hazikuwa matangazo ya kuvutia vijana. Mwanafunzi aliyezisoma alijua kwamba kazi ya bara huua, na waliokwenda baada ya hapo walikwenda wakijua.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba undugu wa chuo huzaa ubaguzi. Watu wa Kiungani walijuana kwa Kiingereza chao na kwa majina yao ya Kizungu, na haikuwa vigumu kwao kumdharau mwalimu wa kijijini aliyeishia shule ya kituo. Sina jibu linaloifuta kasoro hiyo. Naona tu kwamba undugu wenyewe haukubaki ndani ya kanisa. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891, alisoma Kiungani kama baba yake, Hugh Peter, alivyosoma. Akafundisha, kisha akaingia kazi za serikali. Mwaka 1922 huko Tanga alianzisha chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika wa Tanganyika, na wanachama wake walikuwa Wakristo na Waislamu pamoja. Aliacha njia ya ualimu wa misheni, lakini tabia ya kukutana, kuandikiana na kusaidiana hakuiacha. Msimamizi wa seminari anayemfuta kitabuni kijana aliyetoka kabla ya daraja angefaa kuitazama habari hii mara mbili.

Kwa Kayamba pia tunaona jinsi mambo yalivyobadilika. Kizazi cha Swedi kilikuwa ukoo kwa wasio na ukoo. Kizazi cha Kayamba kilikuwa na baba aliyepita darasa lilelile. Chuo kilipohamishiwa Minaki, bara karibu na Dar es Salaam, mwaka 1925, nafasi ya kukifikia ilikuwa tayari inasaidiwa na jina la mzazi, na mvulana mwerevu wa kijiji kisicho na mhitimu hata mmoja alikuwa na njia ndefu kuliko mtoto wa mwalimu.