Injini Ikizima Baharini

Dizeli, kabla ya kuwa kitu unachonunua kwa lita, lilikuwa jina la mtu. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifanikiwa kuendesha injini yake huko Augsburg mwaka 1897. Miaka mitatu baadaye, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini moja ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ndiyo, karanga hizi hizi. Wazo lenyewe ni hili: kandamiza hewa mpaka iwe moto sana, kisha nyunyizia mafuta, yatawaka yenyewe bila plagi.

Nakwambia haya kwa sababu ukifika Shimoni leo, kule Kwale kusini barabara inapoishia, utakuta vyombo vinavyopeleka watu Wasini na Kisite vikinguruma. Tumeizoea sauti hiyo mpaka tunadhani imekuwepo tangu enzi. Wapi!

Turudi nyuma kidogo. Desemba 1938, baharia wa Australia aitwaye Alan Villiers alipanda jahazi kubwa la Kuwait, Bayan, pale Aden, likija huku kwetu. Lilishuka hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, likapakia boriti za mikoko, likarudi kwao. Halikuwa na injini. Nahodha wake, Ali bin Nasr al-Nejdi, alikuja na kaskazi, na safari ya kurudi ilitegemea upepo ugeuke. Pwani nzima iliishi kwa kalenda hiyo: lini tende zinafika, lini boriti zinaondoka, lini Mji wa Kale wa Mombasa unajaa mabaharia wa Ghuba. Upepo ukikata, unangoja. Hakuna wa kulaumiwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, injini zikaingia ndani ya majahazi, na milingoti ikaanza kufupishwa. Nahodha akaweza kuondoka siku anayotaka. Huo ni uhuru, na sitaki kuudharau. Mgonjwa wa kuvushwa kutoka kisiwani usiku hangojei kusi. Ila uhuru huo umekuja na deni lake. Siku hizi chombo chaweza kusimama katikati ya upepo mzuri kabisa, kisa kikombe cha maji ndani ya tangi.

Nililiona hili kwenye mashua moja ya Shimoni, msimu wa kusi. Gatini injini iliwaka mara moja. Tukaupita mlango wa Wasini bila shida. Tulipotoka kwenye mawimbi, kimya. Nahodha akaiwasha, ikaenda dakika kumi, kimya tena. Mara ya tatu haikuwaka. Sasa, mkondo wa bahari yetu husukuma kuelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unazidi nguvu. Mbele yetu kulikuwa na miamba ya matumbawe. Vijana wawili wa chomboni walikuwa wepesi sana na simu, lakini kwenye kamba za foromali walitazamana tu. Aliyetweka tanga ni mzee mmoja abiria, kanzu ameikunja kiunoni. Kusi ikatushika kwa nyuma, tukarudi Shimoni polepole.

"Injini imezeeka hii," nahodha akamwambia fundi.

"Ingekuwa mbovu, mwanangu, isingewaka hapa gatini."

"Sasa ni nini, mzee?"

"Njaa."

Akaanza kwenye tangi. Kwanza akalegeza kifuniko, maana tundu la hewa likiziba, mafuta hayashuki. Halikuwa limeziba. Akatoa mafuta ya chini kabisa kwenye chupa ya plastiki, akaiacha itulie. Maji yakakaa chini, dizeli juu, na katikati utando mweusi kama kamasi. Hapo ndipo vijidudu huzaliana. Tangi likilala nusu, hewa ya pwani yenye unyevu inapoa usiku na kuacha matone ndani. Gatini uchafu umetulia chini. Mawimbi yakipiga unavurugika, unakimbilia kwenye filta. Ukisubiri kidogo unashuka tena, injini inawaka, unadhani imepona.

Filta ilipotoka ilikuwa nyeusi tititi. Akaweka mpya, akalegeza skrubu juu yake, akapiga pampu ya mkono hadi mapovu yakaisha. Hewa ikibaki kwenye mpira wa mafuta, injini itazima tena hata filta ikiwa mpya. Akaikaza, ikawaka.

Nikitazama nyuma, naona kuwa injini haikufuta utegemezi wa mabaharia wetu. Iliuhamisha kutoka kwenye upepo hadi kwenye usafi wa mafuta. Upepo walikuwa wameusoma kwa karne nyingi, baba akimfundisha mwana. Tangi tumeanza kulisoma juzi tu, na tanga tunalisahau kabla hatujamaliza somo hilo jipya. Kati ya elimu hizo mbili kuna pengo, na watu wanapanda ndani yake kila asubuhi wakiwa wamevaa miwani ya jua.

Kwa hiyo ukienda Kisite na marafiki zako, kabla chombo hakijaondoka, muulize nahodha kwa adabu mambo mawili: filta ilibadilishwa lini, na nani hapa anajua kutweka tanga?