Mhandisi na Elimu Huria: Funzo Kutoka Chuo cha Union

Anayetaka kujenga madaraja ana haja gani na historia, falsafa au lugha? Wanafunzi huniuliza swali hili wakidhani ni jipya. Marekani ililijadili karne mbili zilizopita.

Mfereji wa Erie ulichimbwa katika jimbo la New York kati ya 1817 na 1825. Wasimamizi wake wakuu, Benjamin Wright na James Geddes, walikuwa wapima ardhi waliowahi pia kuwa mahakimu. Uhandisi walijifunza kazini. Taifa lilihitaji wahandisi, ilhali vyuo vyake vingi vilishikilia Kilatini na Kigiriki. Mwaka 1828 Yale ilitoa taarifa mashuhuri ya kuitetea elimu hiyo ya kale.

Chuo cha Union kilichopo Schenectady, mji uliopitiwa na mfereji huo, kilichagua njia nyingine. Mkuu wake, Eliphalet Nott, alikuwa mchungaji na pia mvumbuzi wa majiko. Chini yake, mkondo wa sayansi ulianzishwa sambamba na ule wa lugha za kale, na mwaka 1845 uhandisi wa ujenzi ukaanza kufundishwa humo humo, bila kuvunja chuo kizima.

Squire Whipple alihitimu hapo mwaka 1830. Mwaka 1841 alipata hataza ya daraja la chuma, na mwaka 1847 akachapisha kitabu kilichoonyesha namna ya kukokotoa nguvu zinazobebwa na kila kiungo cha daraja. Kabla yake, mafundi wengi walitegemea uzoefu na makadirio. Whipple alijua hesabu. Alijua pia kuieleza kwa maandishi, wengine wakaitumia.

Hata hivyo, tusiipambe historia. Mfereji ule ulipita katika ardhi ya mataifa ya Haudenosaunee, yaliyokwisha kunyang'anywa sehemu kubwa ya nchi yao. Kusoma falsafa hakumfanyi mtu kuwa mwadilifu. Humpa tu maswali. Kuyauliza ni juu yake.

Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwataka hata wanafunzi wa uhandisi wasome taaluma za maendeleo. Wengi huliona somo hilo kama mzigo wa kufaulia mtihani tu. Lakini mhandisi wa leo ndiye mtumishi wa umma wa kesho atakayeamua barabara ipite wapi na nyumba ya nani ibomolewe. Kikokotoo hakitamsaidia kuamua hilo.