Uji Ulioshika Mifuko

Pindua mfuko wa kaki uliorudi nao kutoka dukani, utazame kitako chake. Karatasi imekunjwa huku na huku mpaka kingo zikakutana, na zilipokutana pana mstari mwembamba wa gundi, mkavu, usio na rangi ya kuonekana. Mfuko mzima unautegemea mstari huo. Ukiachia, kilo ya sukari iko chini.

Tangu 1 Juni 2019, Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, karatasi imerudi kwenye meza zetu kwa kasi. Zanzibar ilikuwa imeanza vita hiyo mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, na Kenya ilifunga mlango tarehe 28 Agosti 2017 kwa sheria yenye faini ya hadi shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo cha hadi miaka 4. Tumejadili sana karatasi na plastiki. Kinachoishika karatasi hiyo hatujakijadili, na kina historia ndefu.

Kwa karne nyingi chakula cha Pwani kilifungwa bila tone la gundi. Samaki walibebwa kwenye pakacha la makuti mabichi, lililosukwa chini ya mnazi na kutupwa baada ya safari moja. Tende za Ghuba zilishuka bandarini zimeshindiliwa kwenye makanda. Jani la mgomba lilipitishwa juu ya moto lilegee, likakunjwa, likafungwa kwa kamba ya mgomba huohuo. Hata Bukoba, mbali na Pwani, buni za kutafuna zimekuwa zikifungwa kwenye jani kavu la mgomba. Msuko, fundo na mkunjo vilitosha.

Karatasi ndiyo iliyoleta haja ya gundi, kwa kuwa haifungiki fundo wala haisukiki. Ilipoenea madukani, chumvi na majani ya chai vilimiminwa kwenye karatasi iliyoviringwa mfano wa pia, ncha ikakunjwa. Karanga mpaka leo zinauzwa hivyo, ndani ya kurasa za madaftari ambamo bado unaweza kusoma hesabu za mtoto na alama ya mwalimu. Aliyetaka mfuko wenye kitako alipika uji: unga wa ngano au wa muhogo, ukakorogwa kwanza kwa maji baridi usifanye madonge, kisha ukawekwa motoni mpaka ukang'aa. Watoto wengi wamebandikia tiara zao kwa uji huo, au kwa tonge la ugali tu.

Uji unashika kwa sababu wanga na karatasi ni ndugu wa damu. Vyote viwili vimeundwa na sukari ileile iliyoungana katika minyororo mirefu. Tofauti ni namna ya kuungana. Wanga ukipata joto ndani ya maji, chembe zake huvimba na kupasuka, minyororo ikatoka na kujipenyeza kati ya nyuzi za karatasi. Maji yakikauka, kuvitenganisha ni sharti kuchana.

Kazi hiyo ya jikoni iligeuzwa kuwa kazi ya mashine nchini Marekani. Mwaka 1852 Francis Wolle, mwalimu wa shule huko Pennsylvania, alipata hataza ya mashine ya kutengeneza mifuko ya karatasi. Mifuko yake ilikuwa kama bahasha, haina kitako, haisimami. Muuza duka alipaswa kuishika kwa mkono mmoja na kumimina kwa mwingine. Mifuko yenye kitako bapa iliendelea kukunjwa kwa mikono, mmoja mmoja, na ilikuwa ghali.

Hapo ndipo anapoingia Margaret Knight, mwanamke ambaye ningependa kila mtoto wa shule amjue. Alizaliwa Maine mwaka 1838 na akaingia kiwandani akiwa bado mtoto. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mifuko huko Springfield, Massachusetts, akawa anatazama mikono ya wakunjaji na kujiuliza ni vyuma gani vingeweza kufuata mwendo ule: kukata, kukunja, kupaka gundi, kukunja tena. Alichora, akaunda mfano wa mbao, mfano ukafanya kazi. Kwa ajili ya hataza alihitaji mfano wa chuma, akaupeleka kwa mafundi. Huko kwenye karakana mwanamume mmoja, Charles Annan, aliutazama vizuri kisha akakimbilia kuomba hataza kwa jina lake.

Knight alimshtaki. Inasimuliwa kwamba hoja ya Annan ilikuwa kwamba mwanamke hawezi kuielewa mashine ngumu kiasi kile. Knight akaleta michoro yake, mifano yake na mashahidi waliomwona akihangaika nayo tangu mwanzo. Alishinda, na mwaka 1871 hataza ikatoka kwa jina lake. Kitako cha mfuko ulioanza kwa kuupindua kimezaliwa katika shauri hilo.

Gundi ilibaki wanga, na wanga una maadui. Unyevunyevu wa masika unaulegeza. Kuvu inaota juu yake. Mende na panya wanautafuna, kwa kuwa kwao ni chakula kama kwetu. Waliotengeneza gundi Ulaya na Marekani katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walitafuta kitu cha kuihifadhi, na kwenye kanuni zao utakuta mambo mawili yenye majina tunayoyajua vizuri. La kwanza ni mafuta ya karafuu, matone machache tu, yaliyozuia ukungu. Karafuu za wakati huo kwa sehemu kubwa zilitoka Unguja na Pemba. La pili ni mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu, iliyotiwa ili kuwafukuza wadudu, hasa kwenye gundi ya majalada ya vitabu. Kimoja tunakitia kwenye pilau. Kingine kinaua samaki. Vyote viwili vilifanya kazi yake vizuri ndani ya gundi, na kwa macho usingejua gundi ipi ina nini. Kila ninapofikiri juu ya vifungashio vya chakula, narudi hapo.

Kabla ya kuja kwenye sumu, niseme jambo la boksi, maana watu wengi wakiambiwa hawaamini. Boksi la kawaida, lenye karatasi ya mikunjo kama bati katikati ya karatasi mbili bapa, limeshikwa kwa uji mpaka leo. Hapo zamani lilishikwa kwa kimiminika kilichotokana na mchanga na magadi. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Stein Hall ya Marekani ikapata njia ya ajabu kwa urahisi wake. Sehemu ndogo ya wanga hupikwa ikawa uji mzito. Sehemu kubwa hubaki unga mbichi, unaelea ndani ya uji huo pamoja na kostiki soda na boraksi kidogo. Mchanganyiko unapakwa kwenye vilele vya mikunjo, karatasi inabanwa kwenye vyuma vya moto, na palepale unga mbichi unavimba, unakunywa maji yote, unashika. Uji wa kwanza kazi yake ilikuwa kuubeba wa pili mpaka kwenye moto. Maboksi ya dunia, ya nyanya za kopo na ya vitabu, yamesimama juu ya wazo hilo.

Plastiki ya mifuko ilikuja kwa bahati. Tarehe 27 Machi 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett walikuta kitu cheupe kama nta ndani ya chombo cha shinikizo. Ilikuwa polietilini. Mwaka 1965 kampuni ya Celloplast ya Sweden ilipata hataza ya mfuko uliobuniwa na Sten Gustaf Thulin, ule wenye mikono miwili kama fulana, ambao baadaye mitaa yetu iliuita rambo na Wakenya wakauita juala. Sababu za ushindi wake zinajulikana: mwepesi, hauvuji, bei ndogo. Lakini sababu moja haisemwi mara nyingi. Mfuko huo hauna gundi kabisa. Plastiki huungana na plastiki kwa joto, kwa pigo moja la mashine. Hakuna cha kupika, hakuna cha kukauka, mende hana cha kutafuna.

Gundi haikufa. Ilijificha. Chukua pakiti inayong'aa ya krispi au kahawa: kwa kawaida ni tabaka mbili tatu zilizobandikwa, plastiki yenye maandishi nje, karatasi ya alumini au utando wa kung'aa katikati, plastiki nyingine ndani. Gundi ya tabaka hizo mara nyingi ni ya dawa mbili zinazochanganywa kiwandani, na huhitaji siku kadhaa za kutulia ili zimalize kushikana. Kiwanda chenye haraka kikifungasha kabla ya wakati, mabaki ya dawa moja hukutana na unyevu na kugeuka kuwa kemikali za jamii ya amini, ambazo baadhi yake zinashukiwa kuleta saratani, na zinaweza kupenya hadi kwenye chakula. Ulaya imeziwekea kikomo kikali mno, sehemu ndogo sana ya miligramu katika kilo ya chakula. Kinga kubwa hapa ni subira: roli ya pakiti iachwe ghalani mpaka gundi ikomae. Nadhani hili ni jambo ambalo mnunuzi yeyote wa vifungashio, hata mwenye kiwanda kidogo cha kusaga kahawa, ana haki ya kuliuliza: roli hii imekaa siku ngapi?

Sheria iliigundua gundi taratibu. Marekani, marekebisho ya sheria ya chakula ya mwaka 1958 yalisema kwamba kitu kinachoweza kuhama kutoka kwenye kifungashio kwenda kwenye chakula kihesabiwe kama kiungo kilichotiwa kwenye chakula. Kanuni za gundi zilizofuata zina busara ambayo mpishi yeyote angeielewa. Ama pawe na kizuizi kati ya gundi na chakula, ama gundi inayogusa chakula iwe kidogo tu. Kwa chakula kikavu, gundi isizidi kiasi kinachohitajika katika utengenezaji mzuri. Kwa chakula chenye mafuta au maji, kinachoruhusiwa ni chembe zinazochungulia kwenye mishono na kingo. Mafuta huyeyusha na kubeba, maji hulainisha na kubeba, mchele mkavu hubeba kidogo. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya mwaka 2004, ulizitaja gundi miongoni mwa makundi 17 ya vitu vinavyogusa chakula, ingawa kanuni mahususi ya gundi kwa nchi zote haijaandikwa kama ile ya plastiki.

Hata mchele mkavu una hatari yake. Mwaka 2010 wanakemia wa maabara ya serikali ya jimbo la Zürich, Uswisi, wakiongozwa na Koni Grob, waliwaonyesha Wazungu kitu kilichowashtua: vyakula vikavu kwenye maboksi ya karatasi iliyorejelezwa vilikuwa na mafuta ya madini. Yalitoka kwenye wino wa magazeti yaliyosagwa kutengeneza maboksi hayo, yakapanda kama mvuke na kutua kwenye chakula bila kukigusa. Wino wa gazeti haukauki kama rangi ya mlango. Karatasi huunywa, mafuta yakabaki humo, na ndiyo maana vidole vinakuwa vyeusi. India ilitoa onyo mwaka 2016 dhidi ya kufungia chakula kwenye magazeti. Ufaransa ikaamua kuyaondoa mafuta hayo kwenye wino wa vifungashio kuanzia 2022.

Nasi tunakula maandazi ya moto kwenye gazeti. Sisemi hivi kumlaumu mama anayeyauza, ambaye hakuna aliyempa karatasi nyingine kwa bei anayoiweza. Karatasi safi tuna uwezo wa kuitengeneza. Kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilichoanza katika miaka ya 1980, kinatumia miti ya misonobari inayoota palepale kwenye nyanda za juu. Webuye, magharibi mwa Kenya, palikuwa na kiwanda kikubwa cha karatasi kilichosimama mwaka 2009, na mji mzima uliona njaa yake.

Ulaya kifungashio kinachofaa chakula huweza kubeba alama ya glasi na uma. Juzi niligeuza mifuko mitatu ya kaki iliyokuwa jikoni kwangu kuitafuta, sikuiona kwenye hata mmoja. Basi nikachukua chupa ndogo ya ayodini ya kupaka vidonda na kurudia lile jaribio la wanga tulilofanya sekondari. Kwanza tone kwenye karatasi tupu, maana viwanda vingine hutia wanga kwenye karatasi yenyewe: likabaki la kahawia kwenye mifuko yote mitatu. Kisha tone kwenye mstari wa kitako. Mfuko wa duka la mikate, kahawia. Mfuko wenye maandishi ya kuhimiza utunzaji wa mazingira, kahawia. Wa tatu haukuwa na maandishi yoyote, ulikuwa umekunjwa kwa mkono na alama ya kidole cha mtu imegandia pembeni mwa gundi. Tone lilipotua, mstari wote uligeuka buluu iliyokolea, karibu na nyeusi.