Mkanganyiko wa njia ya ndege

Mkanganyiko wa njia ya ndege ni hali ambayo rubani na mwongozaji ndege, yaani ofisa wa ardhini anayezipangia ndege nafasi zao angani, huamini kwamba wamekubaliana juu ya njia moja ilhali kila mmoja ana yake kichwani. Njia hiyo ni mfululizo wa nukta za kupitia, baadhi zikiwa vituo vya redio vilivyojengwa ardhini na nyingine majina tu yaliyopewa mahali fulani pa ramani, na mwongozaji huiidhinisha kwa kibali ambacho rubani hulazimika kukirudia kwa sauti ili kosa lisikike. Kinga hiyo huvunjika pale anayesikiliza asipotambua kuwa alichorudishiwa si alichokitoa. Katika ajali ya Tenerife ya 27 Machi 1977, iliyoua watu 583, kibali cha njia kilichukuliwa kuwa ruhusa ya kuruka.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa ndege ya American Airlines, safari namba 965, iliyotoka Miami kwenda Cali, Kolombia, usiku wa 20 Desemba 1995. Cali imo katika bonde refu lililobanwa na milima ya Andes, na kwa kuwa rada ya eneo hilo ilikuwa imeharibiwa na waasi mwaka 1992, mwongozaji alijua ndege ilipo kwa kuambiwa na marubani tu. Aliwapa kibali cha kwenda hadi kituo cha redio cha Cali na kuwataka waripoti watakapopita Tuluá, kituo kilichoko kaskazini. Rubani akakirudia akiongeza kwamba wangekwenda Cali moja kwa moja, na mwongozaji akakubali. Kwake yeye Tuluá ilikuwa ingali sehemu ya njia, ilhali marubani walipoiamuru kompyuta ya safari ielekee Cali moja kwa moja, nukta zote za kati zilifutika.

Muda mfupi baadaye walipewa nafasi ya kutua wakitokea kaskazini bila kuzunguka uwanja, nao wakaipokea, kwani safari ilikuwa imechelewa, ingawa iliwalazimu kushuka haraka na kufungua ramani nyingine. Walipotafuta kituo cha redio cha Rozo, kilichokuwa kwenye njia hiyo mpya ya kutua, waliandika herufi R, iliyokuwa alama yake kwenye ramani, lakini kompyuta, ambayo ilikihifadhi kwa jina kamili, ilichagua kituo cha Romeo karibu na Bogotá, zaidi ya maili 130 kutoka hapo. Ndege iligeuka kuelekea mashariki kwa takriban dakika moja, ikizidi kushuka. Ilipogeuzwa tena kulia, mlima ulikuwa tayari kati yake na bonde. King'ora cha kukaribia ardhi kililia, marubani wakajaribu kupanda huku breki za hewa zikiwa bado wazi juu ya mabawa, na ndege ikagonga mlima karibu na Buga. Kati ya watu 163 waliokuwamo walinusurika 4.

Ripoti ya uchunguzi ya Kolombia iliweka chanzo cha ajali kwa marubani, na ni kweli kwamba waliendelea kushuka bila kujua walipo. Hata hivyo, lawama hiyo pekee haitoshi. Mwongozaji aliwaeleza wachunguzi kwamba maombi ya marubani hayakumwingia akilini, ila Kiingereza chake hakikumwezesha kuwahoji nje ya misemo ya kazi. Mwaka 2000 baraza la wazee wa mahakama nchini Marekani liligawa dhima kati ya shirika la ndege na kampuni mbili zilizohusika na data na kompyuta ya uongozaji.

Mwaka huohuo Marekani ilitoa kanuni ya kufunga katika ndege vionyeshi vinavyolinganisha mahali ndege ilipo na ramani ya milima na kuonya mapema zaidi. Lakini vyombo hivyo huonya juu ya mlima, si juu ya kibali kilichoeleweka vibaya. Upande wa lugha ulishughulikiwa na sharti la kimataifa lililoanza kutumika Machi 2008, linalowataka marubani na waongozaji ndege wa safari za kimataifa wafikie angalau daraja la 4 kati ya 6, ambalo hupima pia uwezo wa kuzungumzia jambo lisilotarajiwa.