Nani Aliyealikwa? Matangazo ya Sinema katika Bandari ya Bombay, 1896

Waandishi wengi wa historia ya sinema, wanapoutaja mji wa Bombay, ambao tangu mwaka 1995 unaitwa Mumbai, hutosheka na tarehe moja: 7 Julai 1896. Jioni ya siku hiyo picha zinazotembea zilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika Bara Hindi. Makala haya hayaikani tarehe hiyo. Yanakusudia kuonyesha kwamba aliyeisoma tarehe hiyo peke yake hajasoma ila nusu ya habari, na kwamba nusu ya pili imehifadhiwa mahali ambapo mara nyingi tunapapuuza, yaani katika matangazo ya biashara ya gazeti.

Tuanze na bandari yenyewe. Ndugu Lumière walikuwa wameonyesha picha zao kwa watazamaji wa kulipa mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Miezi sita tu baadaye chombo chao kilikuwa kimefika Bombay. Upesi huo haukuwa ajabu. Tangu Mfereji wa Suez ufunguliwe mwaka 1869, njia ya meli kati ya Ulaya na Bahari ya Hindi ilikuwa imefupishwa sana. Marius Sestier, wakala wa ndugu Lumière, alikuwa safarini kuelekea Australia. Kwake yeye Bombay ilikuwa kituo cha njiani. Mgeni wa namna hiyo hana jamaa wala jina mjini. Hana budi kuwaita watu kwa gazeti.

Asubuhi ya tarehe 7 Julai tangazo lake lilitokea katika *The Times of India*. Liliziita picha hizo ajabu ya karne na ajabu ya dunia. Maonyesho yalikuwa manne: saa kumi na mbili jioni, saa moja, saa tatu na saa nne usiku. Mahali palikuwa Hoteli ya Watson, jengo ambalo kiunzi chake cha chuma kililetwa kutoka Uingereza. Kiingilio kilikuwa rupia moja kwa kila mtu.

Maneno ya sifa humvuta msomaji, lakini mwanahistoria hana budi kutazama mambo mengine matatu. La kwanza ni lugha. Gazeti lenyewe lilikuwa la Kiingereza. Mjini humo humo *Bombay Samachar* lilikuwa likitolewa kwa Kigujarati tangu mwaka 1822. Kwa hiyo wasomaji wa lugha nyingine walikuwako. La pili ni mahali: hoteli kubwa iliyokuwa makao ya wasafiri na wakubwa wa Kizungu. La tatu ni bei. Rupia ilikuwa na ana kumi na sita, hesabu ambayo hata wazee wa pwani ya Afrika ya Mashariki waliijua, kwa kuwa rupia ya Kihindi ilitumika huko pia. Rupia moja nzima ilizidi ujira wa siku wa kibarua wa kawaida. Tangazo hilo halikumkataza mtu yeyote kuingia, ila halikuhitaji kumkataza: bei ilitosha kuwa bawabu.

Sasa tuendelee kufungua kurasa za siku zilizofuata. Tarehe 14 Julai maonyesho yalihamia Novelty, jumba la tamthilia lililozoewa na watazamaji wa michezo ya Waparsi. Kabla mwezi haujaisha, matangazo yalikuwa yamebadilika sura. Badala ya bei moja palikuwa na ngazi ya bei, kutoka ana nne hadi rupia mbili. Palitajwa pia vyumba vya pekee vilivyotengwa kwa ajili ya wanawake wa utawani pamoja na jamaa zao. Maonyesho yaliendelea hadi tarehe 15 Agosti.

Badiliko hili lina maana kubwa. Katika hoteli, mtazamaji alikuwa mmoja: mwenye rupia. Katika Novelty, mji mzima ulipangwa kwa madaraja ndani ya ukumbi mmoja, tajiri mbele ya macho ya maskini, na mwanamke mtawa nyuma ya pazia lake. Mpango huo sinema haikuubuni. Iliurithi kutoka jumba la tamthilia. Lakini kwa kuurithi ilikoma kuwa kitu cha kupitishia jioni cha wageni, ikawa mchezo wa mji. Iwapo tunatafuta siku ambayo sinema ilifika kwa watu wa Bombay, basi haki zaidi ni kuitafuta katika robo ile ya rupia kuliko katika rupia nzima.

Miongoni mwa waliotazama picha hizo alikuwamo mpiga picha wa mji huo, Harishchandra Sakharam Bhatavdekar. Aliagiza kamera kutoka Uingereza, na mwaka 1899 akapiga picha ya pambano la mieleka katika bustani ya Hanging Gardens. Tarehe 3 Mei 1913 filamu ya Dhundiraj Govind Phalke, *Raja Harishchandra*, ilianza kuonyeshwa katika ukumbi wa Coronation mjini humo. Aliyealikwa kutazama alikuwa amekuwa mwenye kuonyesha.

Hata hivyo, tangazo lina mpaka wake kama ushahidi. Latuambia nani aliitwa. Halituambii nani aliitika, wala aliyeketi katika kiti cha ana nne alifikiri nini picha ya garimoshi ilipomjia. Vilevile, tangazo moja ni kama neno moja lililokatwa kutoka katika sentensi. Maana yake hudhihirika linapowekwa karibu na lile la juzi na la wiki ijayo.

Kwa hiyo mwanafunzi anayefungua magazeti ya zamani, ya bandari yoyote iliyotawaliwa na wageni, asiruke ukurasa wa matangazo ili awahi habari kubwa. Asome bei, asome saa, asome viti. Humo watu ambao habari kubwa haikuwataja huanza kuonekana, angalau kama wanunuzi wa tiketi.