Redio jamii
Redio jamii ni kituo cha utangazaji kinachomilikiwa na wakazi wa eneo mahususi, kinachoendeshwa bila kugawa faida, na ambacho hutangaza yale ambayo vyombo vya kitaifa huyapita: mabaraza ya chifu, bei za sokoni, magonjwa ya mifugo na matangazo ya vifo. Nchini Kenya, kituo cha Homa Bay, kilichofunguliwa mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, hutajwa mara nyingi kuwa cha kwanza barani Afrika, ingawa serikali ilikifunga miaka miwili tu baadaye. Mfumo huo ulifufuka baada ya miongo miwili, pale vikundi vya wanawake vilipoanzisha redio ya Mang'elete huko Ukambani, na vijana wa Korogocho, Nairobi, wakaanzisha Koch FM mwaka 2006, studio yao ikiwa ndani ya kontena. Udhaifu mkubwa wa vituo hivi si uhaba wa mitambo, ambayo wafadhili huitoa kwa wepesi zaidi, bali ni gharama za kila mwezi za umeme na matengenezo, pamoja na kuondoka kwa watangazaji wa kujitolea, yaani wasiolipwa mshahara, ambao wakishapata ujuzi huchukuliwa na redio za kibiashara.