Rangi Chini, Mstari Juu

Masimulizi ya Wameru kuhusu kutoroka utumwani huko Mbwaa yamejaa rangi. Watesi waliitwa Nguo Ntune, wavaa mavazi mekundu. Kati ya masharti waliyotoa, ndama alitakiwa kunya kinyesi cheupe. Wazee wakamlisha maziwa matupu. Kisha usiku wa kuvuka maji: waliopita gizani wakawa Njiru, weusi, wa alfajiri wakawa Ntune, wekundu, na waliovuka kumekucha, Njeru, weupe. Mchora katuni akipewa kisa kama hicho, kazi ya kuchagua rangi imeshaanza kufanywa na mababu.

Aliyekitia kwenye katuni ni Terry Hirst, Mwingereza aliyehamia Kenya mwaka 1965 na ambaye mwaka 1973 alianzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno. Kitabu chake The Wisdom of Koomenjoe kilitoka miaka ya 1980 katika mfululizo wa Pichadithi wa Kul Graphics, Nairobi. Koomenjoe ndiye mwenye busara aliyewaongoza Wameru kutoka utumwani.

Enzi hizo, katika katuni zilizochapwa kwa rangi, rangi kuvuka mstari halikuwa kosa la mchoraji peke yake. Picha ya rangi ilihitaji mabamba manne mtamboni: samawati, zambarau nyekundu, manjano na nyeusi. Bamba moja likisogea kidogo tu, wekundu wa mdomo unahamia shavuni. Dawa ya wachapaji ilikuwa kuachia rangi ipenye kidogo chini ya mstari, halafu wino mweusi ufunike kingo. Usafi wa picha tuliousifu ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, ufichaji.

Wachoraji wa mabango hawakuhitaji kuambiwa hilo na mtu wa mtamboni. Tazama kuta za vinyozi na bucha za Makutano mjini Meru, au za mji wa Embu: fahali huchorwa kwa chaki, hujazwa rangi kwa brashi pana, na mwisho brashi nyembamba hupita ukingoni na kumeza kila ulegevu. Kwangu mimi, hicho ni chuo kama vyuo vingine, ila hakitoi cheti.

Kompyuta ilirithi mbinu hiyohiyo. Programu ya Photoshop ilitoka mwaka 1990 na mwaka 1994 ikapata matabaka, yaani sehemu za picha zinazokaa moja juu ya nyingine. Kenya nayo haikubaki nyuma: mwaka 2010 studio ya Homeboyz jijini Nairobi ilikuwa ikitengeneza katuni ya televisheni ya Tinga Tinga Tales, na mwaka huohuo katuni ya Shujaaz ikaanza kusambazwa bure ndani ya Saturday Nation.

Chukua mchoraji wa Embu anayetaka kuwachora Mwenendega na Nthara, wale ambao Waembu huwataja kama wazazi wao wa kwanza. Mistari huwekwa tabaka la juu, iwe kama kioo: nyeusi ibaki, nyeupe ipitishe kilicho chini. Rangi tupu, moja kwa ngozi, moja kwa vazi, hukaa tabaka la chini. Hapa wengi hukwama. Ndoo ya rangi, yaani kifaa cha programu cha kujaza umbo, ikimwagwa kwenye umbo lenye mwanya, hata mdogo kama tundu la sindano, rangi hufurika ukurasa mzima. Na umbo likiwa limefungwa vizuri, ndoo huacha uzi mweupe kandokando ya mstari. Ziba mwanya, kisha panua eneo la rangi kwa pikseli moja au mbili liingie chini ya wino. Kivuli huwekwa tabaka lake, limefungwa kwenye rangi ya chini ili kisitoke nje ya ngozi au vazi. Amua jua liko upande gani kabla ya kuanza, wala usitumie nyeusi: kahawia iliyokolea au zambarau huupa uso uhai, nyeusi huufanya uwe kama umepakwa masizi.

Kuna mtego ambao skrini haiuonyeshi. Nyekundu inayong'aa kwenye skrini hufifia ikifika karatasini, kwa kuwa skrini huchanganya mwanga na mtambo huchanganya wino. Anayekusudia kuchapisha kitabu aombe karatasi ya majaribio kabla ya kulipia nakala zote.